Taratibu wa Wodi ya Wazazi

Kazini kwetu mtu akistaafu husomewa wasifu kabla ya chakula. Mwenzake mmoja husimama na karatasi, akasema mstaafu alizaliwa mwaka fulani, alisoma shule fulani, aliajiriwa lini, aliipenda kazi yake, asanteni, makofi tafadhali. Nimesikiliza nyingi za namna hiyo huku tumbo likinguruma, na kusema kweli sijasikia hata mmoja uliofanana na mwenyewe. Ndiyo maana zamu ya rafiki yangu ilipofika nilikata shauri kwamba wa kwake nitauandika mimi, na utafanana naye.

Niliuandika, ila sikuumaliza kuusoma. Sasa nauandika upya, maana ule wa kwanza ulikuwa na uongo tangu mstari wa juu kabisa, na uongo wenyewe haukuwa wangu.

Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka thelathini na mmoja, yote bega kwa bega na mwanamke aliyenitangulia kwa miaka mitatu. Siku yangu ya kwanza niliangusha trei nzima ya mikasi, ikalia mpaka wodi ya wanaume. Matroni akaja mbio, kinywa wazi, tayari kunishushua. Huyu mwanamke akawahi: "Nimeangusha mimi, Matroni." Wala hakuniangalia. Tulipokuwa tunaokota nikamnong'oneza asante. Akasema, "Taratibu tu, mdogo wangu. Mikasi haikimbii." Tangu siku ile damu zetu zikapatana.

Wodi nzima ilimwita Taratibu. Walioanza ni wazazi wenyewe, kwa sababu neno lake lilikuwa moja. Mama akipiga mayowe, akitukana ukoo mzima wa mumewe, yeye anamshika kiuno: "Taratibu, mama, taratibu. Tuko wote." Mimi waliniita Tarumbeta, na sina haja ya kueleza kwa nini. Wanangu wawili wamezaliwa mikononi mwake. Wa pili alitanguliza miguu, na daktari alikuwa hajulikani aliko. Nipo hapa naandika, na yule mtoto ana ndevu sasa, kwa sababu Taratibu hakuwa na papara.

Alikuwa na namna yake ya kufunga kitovu. Sisi wengine tunatumia kibanio cha plastiki, tunabana, tunakata, mwingine aingie. Yeye alitaka uzi. Aliuzungusha mara tatu, akafunga nyuma, akaurudisha mbele akafunga tena, kisha akaacha mkia wa uzi wa nusu kidole. Nilimtania, "Unafunga mtoto au mzigo wa kuni?"

"Nafunga damu isitoke," alinijibu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akanawa mikono, tukaenda kunywa chai.

Kina mama wengi walikuwa wakiwapa binti zao jina lake, si Taratibu, lile la kwenye cheti. Nimewahi kuhesabu wasichana ishirini na sita mtaani kwetu wenye jina hilo. Kila alipoambiwa "tumempa jina lako" hakucheka. Alimfunika mtoto vizuri, akasema Mungu amkuze, akatoka nje kidogo. Mimi nilidhani ni unyenyekevu. Nilidhani mengi wakati ule.

Kisha kulikuwa na zile barua. Kila mwisho wa mwezi alikaa kwenye benchi la chumba cha zamu, lile lenye mguu uliofungwa bandeji, akamwandikia mama yake kurasa mbili kwa mwandiko wa kulala. Mama alikaa mbali, safari ya siku mbili, na majibu yalikuja kwa mwandiko wa mtoto wa jirani: mguu bado unauma, paa limezibwa, utakuja lini. Hakwenda hata mara moja. Likizo yake ikifika anashika zamu za watu, akitoka ni kwa semina ya siku chache tu kila mwaka. Nilimsema mpaka mate yakanikauka.

"Mwenzangu, una mama mzima na unamwandikia barua kama mfungwa? Siku hizi kuna simu. Mpigie!"

"Masikio yake hayasikii vizuri."

"Mtu anayejibu barua mstari kwa mstari?"

"Barua haitaki masikio," alisema, akacheka, akalamba bahasha.

Wanaume nao walikuja. Dereva wa gari la wagonjwa alimfuata miaka miwili, mtu mzima mwenye heshima zake. Siku alipotaka kwenda kwao kujitambulisha, Taratibu alimwambia basi, yamekwisha. Alilia chooni, mimi nikiwa nimesimama nje ya mlango na taulo mkononi, na alipotoka hakuniambia sababu. Nami kwa kiburi changu nikasema moyoni, akitaka ataniambia, kwani mimi nani hata nimbembeleze.

Ilipobaki miezi miwili astaafu nikaanza kumhoji kwa ajili ya wasifu. Utotoni ulikuwaje? Shuleni walikuitaje? Alinijibu kwa mkato, kama mtu anayejaza fomu ofisini. Nikakasirika, na mimi nikikasirika hupata akili mbaya. Nikanakili anwani kutoka bahasha yake moja, nikamwandikia mama yake mwenyewe, nikatuma nauli, nikamwomba aje kwenye sherehe bila kumwambia mtoto. Niliwaza jinsi Taratibu atakavyopigwa na butwaa. Nilicheka peke yangu nikipanga foleni posta. Majibu yakaja kwa mwandiko ule ule wa jirani: nitakuja hata kwa kutambaa.

Sherehe ilikuwa ukumbini, saa saba mchana, viti vya plastiki, keki yenye jina lake kwa sukari ya bluu. Mama nilimficha ofisi ya Matroni. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sabini na kitu, mwenye fimbo na gauni jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani. Aliniuliza mara tatu kama nywele zake ziko sawa.

Nikasimama na karatasi yangu. Nikasema mstaafu wetu ni mtoto pekee wa mama mmoja. Nikasema mama huyo tumemjua kwa barua, na leo tutamjua kwa sura. Nikaashiria mlangoni. Mama akaingia, watu wakapiga vigelegele, na mimi nikamgeukia rafiki yangu nifaidi furaha yake. Alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyesikia gari likija nyuma yake na hana pa kurukia.

Mama alitembea ukumbi mzima kwa fimbo ile, akicheka. Akafika, akamshika mabega. Halafu akamgeuza kichwa pembeni, vile unavyomgeuza mtoto ukitaka kuangalia sikio, akavuta kola ya gauni lake.

"Kovu liko wapi?"

"Mama," Taratibu alisema.

"Kovu la maji ya moto. Lilikuwa hapa." Mkono wa mama ulikuwa ukipapasa shingo ile, juu, chini, juu tena. Vigelegele vilikoma kimoja kimoja. Mama akatugeukia sote, kama anayeomba tumsaidie kutafuta. "Huyu si mwanangu." Kisha akamgeukia yeye, kwa sauti ya chini: "Mwanangu yuko wapi?"

Taratibu aliweka glasi ya soda mezani, taratibu, ili isimwagike, akapita mlango wa jikoni. Mimi nilidhani amekwenda kunawa uso. Nilibaki na karatasi mkononi kama mpumbavu, nikimwambia mpiga picha asubiri.

Hakurudi. Mkoba wake ulibaki kitini na zawadi zake mezani. Nyumbani kwake majirani walisema aliingia dakika tano, akatoka na mfuko mmoja. Uongozi wa hospitali ukafungua jalada, polisi nao wakafungua la kwao: cheti ni halali, jina ni halali, lakini mwenye jina siye. Hata mafao yake hakuja kuyachukua.

Na maneno hayakukawia. Walisema jikoni, walisema maabara, walisema foleni ya dawa: alimuua mwenye jina akachukua vyeti. Niligombana na watu wanne kwa siku moja. Mfamasia nilimwambia afunge domo lake kabla sijalifunga kwa plasta. Lakini hayo nilikuwa nayasema kwa sauti. Ndani yangu swali lilikuwa limeshaingia na kukaa: mtu aliyeweza kudanganya miaka yote ile, na siku ya kwanza kabisa alinidanganyia Matroni bila kupepesa macho, anaweza nini kingine? Nilimpenda na nilimwogopa kwa wakati mmoja. Siwatakii hali hiyo.

Mama alikaa kwangu siku tisa. Sikuwa na uso wa kumtazama. Mimi niliyemtoa kwake akiwa na mtoto mzima, mkunga, anayemwandikia kila mwezi, nilikuwa namrudisha hana mtoto. Hakunilaumu, na hilo liliniumiza zaidi. Siku moja nilimpeleka kliniki kwa ajili ya mguu. Muuguzi akatoka mlangoni akaita jina lile. Mama akainuka nusu kitini. Msichana wa miaka minane hivi, mwenye bandeji gotini, akapita mbele yake akaingia ndani. Nikamweleza habari ya wale ishirini na sita. Alikaa akitazama mlango ule mpaka msichana alipotoka.

Asubuhi ya kuondoka alisema jambo moja. "Sitaki afungwe. Nataka kujua mwanangu amelala wapi. Ukimwona, muulize hilo tu."

Nikamwahidi. Kila siku ya mapumziko nikawa nazunguka. Niliuliza vituo vya mabasi, nyumba za wageni, makanisa na misikiti, hata dereva wa gari la wagonjwa, ambaye siku hizi ana wajukuu. Alishika tama, akasema, "Mimi nilimwambia nitamchukua hivyo hivyo alivyo. Alisema hujui nilivyo." Tatizo langu lilikuwa dogo na kubwa: sikujua natafuta jina gani. Lile la kwenye cheti hakuweza kulitumia tena. La kwake sikuwahi kuambiwa.

Mwezi wa tano, mwanamke mmoja alikuja kumtembelea dada yake mtaani kwetu, akaleta kichanga cha siku sita kliniki kupimwa uzito. Nikamfunua. Kitovu kilikuwa hakijaanguka, na juu yake palikuwa na uzi mkavu: umezungushwa mara tatu, fundo nyuma, fundo mbele, mkia wa nusu kidole. Nikashika ukingo wa mizani.

"Nani amekuzalisha, mama?"

"Kuna mama mmoja kule kwetu, machimbo ya kokoto. Yuko kwenye kizahanati cha mtu binafsi, anafagia, lakini uchungu ukikuanza wote tunamwita yeye." Akacheka. "Tunamwita Mama Polepole."

Kesho yake sikwenda kazini. Ilikuwa mwendo wa saa nne mpaka penye vumbi jeupe juu ya kila kitu, majani, mabati, nyusi za watu. Kizahanati kilikuwa na vyumba vitatu. Nyuma yake alikuwa ameinama kwenye beseni, anafua mashuka, mgongo ule ule ninaoujua hata nikifumba macho. Alikuwa amekonda. Aligeuka, akaniona, akakamua shuka aliloshika mpaka mwisho, akalitundika.

"Umechelewa kula?" aliniuliza. Ndivyo alivyokuwa akiniuliza kila nilipoingia zamu ya mchana.

Nilipaswa kumkumbatia. Badala yake nilimfokea mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani. Nilimwambia mama yule anataka kujua mtoto wake amelala wapi, na kama amemfanya jambo baya aniambie hapo hapo. Akanishika mkono akaniingiza chumbani kwake, godoro, ndoo, msumari mmoja wenye sare, akanikalisha, akaniambia yote kwa mara moja. Nadhani alikuwa ameyasema mwenyewe kwa mwenyewe mara nyingi.

Walikuwa marafiki wawili, waliosoma dawati moja. Mwenzake alichaguliwa chuo cha uuguzi, yeye alikosa kwa alama mbili. Yeye alikuwa yatima kwa mjomba asiyemtaka, akila zaidi nyumbani kwa mama wa rafiki yake kuliko kwa mjomba. Akaomba amsindikize mwenzake, huenda akapata kazi ya ndani mjini. Njiani, siku ya pili, mwenzake akaanza kutokwa na damu. Alikuwa na mimba ya miezi minne ambayo hakuna aliyeijua isipokuwa wao wawili. Wakashuka kwenye mji mdogo wenye zahanati.

"Muuguzi akauliza jina," alisema. "Mwenzangu aliogopa. Chuo wangejua, mama yake angejua. Akanitazama, akataja jina langu. Mimi nikanyamaza. Tulidhani ni la siku moja, apewe dawa tuendelee na safari." Akafuta viganja vyake kwenye gauni. "Walimfokea kwanza. Walimwacha kwenye benchi. Damu ikawa inatoka tu, na mimi namshika, sijui pa kushika. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha. Wakamzika kwa jina aliloandikisha."

"Kwa nini hukurudi kusema?"

"Nauli ilikuwa ya kwenda tu. Na mkononi nilikuwa na barua ya chuo. Vyeti vya siku zile havikuwa na picha. Nilikaa chini nimwandikie mama, nikaandika: mama, nimefika salama, ila rafiki yangu amefariki njiani. Ndivyo ilivyotoka. Nilijaribu kuandika ile nyingine, ya ukweli, mkono ukakataa. Baada ya hapo kila mwezi nilijiambia mwezi ujao nitamwambia." Akanyoosha pembe ya godoro. "Halafu alikuwa ananijibu. Ananiuliza kama nimekula. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananiuliza."

Nilimwambia inuka twende kwake. Akakataa. Alisema, "Nimeshamwona uso siku ile. Sitaweza mara ya pili." Akanieleza kaburi lilipo: nyuma ya zahanati ile, mstari wa tatu karibu na ukuta, jiwe la saruji. Alikuwa akienda kulisafisha kila mwaka, kwenye zile siku chache alizokuwa akiniambia ameenda semina.

"Na wewe jina lako nani?" nikamuuliza.

"Utalisoma huko."

Hapo ndipo hasira ilipopanda upya, na hili ninaloandika sasa ndilo sababu ya kuandika mengine yote. Nilisimama nikamwambia, "Miaka thelathini na mmoja! Nimekula na wewe, nimezaa mikononi mwako, na jina lako nikalisome makaburini? Mimi simjui mtu huyu."

"Unanijua," alisema.

"Sikujui."

Alinisindikiza mpaka barabarani hivyo hivyo, akanibebea mkoba. Basi lilipokuja akaniuliza, "Utarudi?"

Nikamjibu, "Nirudi kwa nani?" Nikapanda.

Nilimwita mama kwa simu ya jirani yake, tukakutana kwenye mji ule mdogo siku nne baadaye. Nilimsimulia kila kitu tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya zahanati, na sijui kama ni benchi lile lile, sikutaka kuuliza. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Niliposema habari ya mimba akatikisa kichwa. "Ningempiga," alisema. "Halafu ningemkanda kwa maji ya moto. Mbona hakujua hilo?"

Kaburi lilikuwa safi kuliko yote pale. Majani yameng'olewa, jiwe limepakwa chokaa. Mama alikaa chini, mguu wake mbovu ameunyosha pembeni, akaweka kiganja juu ya udongo na kuanza kuongea na mwanawe. Nilisogea mbali nimwachie nafasi. Nililia huko ukutani kwa sauti ya Tarumbeta, mpaka mchimba kaburi akaja kuniuliza ni msiba wa lini.

Baadaye mama akaniita. "Nisomee jina."

Nikalisoma. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka. Ni jina fupi, la kawaida, lingemfaa sana.

Mama akapitisha kidole juu ya herufi zile. Kisha akasema, "Yule mtoto! Miaka yote ndiye aliyekuwa ananiandikia. Alikuwa anakula kwangu. Alikuwa anaosha vyombo kabla hajaambiwa. Barua ya kwanza ilipokuja kusema amekufa, nilimlilia siku tatu. Mjomba wake hakutoa hata chozi, nikalia mimi peke yangu." Akanishika mkono nimwinue. "Tafuteni fundi. Jina hili alifute, aandike la mwanangu. Huyu hajafa."

"Mama, humkasirikii?"

"Nina hasira naye mpaka meno yananiuma. Atakuja nimwambie mwenyewe. Nina mmoja amelala hapa, na mmoja anafagia kwa watu huko. Mwambie aje nyumbani. Mwambie nilimlilia."

Nilipanda basi la kwanza kwenda machimboni. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno nisije nikayaharibu kama kawaida yangu. Nitaanza kwa kumwita jina lake. Halafu nitamwambia samahani. Halafu nitampa ujumbe.

Chumba kilikuwa wazi. Godoro lilikuwa limesimamishwa ukutani, sare imefuliwa na kutundikwa kwenye msumari ule mmoja. Mwenye zahanati alisema ameondoka siku ya pili baada ya mgeni wake kuja, yule mama mwenye kelele. Hakuaga. Wanawake wawili waliokuwa wamekaribia kujifungua walikuwa wakimlaumu uani.

Imetimia miezi saba sasa. Kila kichanga kinacholetwa kliniki nakifunua kitovu kabla ya kukipima, hata wenzangu wananicheka kwamba nimekuwa mchawi wa vitovu. Vyote vina vibanio vya plastiki. Wasifu huu nimeutoa nakala, nawapa madereva wa magari ya mbali na wakunga ninaowajua wa zahanati za vijijini. Wewe unayesoma, ukimwona mwanamke anayefunga kwa uzi, mwambie mambo matatu. Mama yake anajua yote na anamngoja. Jina lake limeshafutwa kwenye kaburi. Na Tarumbeta anamjua, anamjua sana, alikuwa na hasira tu.

Juzi karani wa masjala alinisimamisha kwenye korido, bahasha mkononi. Ilikuwa ya mwandiko wa mtoto wa jirani.

"Hii inakuja kila mwezi," alisema, akalisoma jina la juu yake, lile nililolisoma kaburini. "Nimetafuta kwenye majalada yote. Hapa hajawahi kufanya kazi mtu wa jina hili."

"Amefanya," nikamwambia. "Miaka thelathini na minne. Lete zote hapa."

Nikaiweka kabatini kwake, chumba cha zamu, pamoja na zile nyingine sita alizokuwa amezirundika masjala. Sizifungui, si zangu. Ila najua zinavyomalizika: mguu bado unauma, utakuja lini.